Kitenge Ndani ya Resini: Bodi Imeharibika Wapi, na kwa Nini

Kitenge kikizama sawasawa ndani ya epoksi, ile resini inayoganda ikawa ngumu na kuonyesha kilicho ndani yake, rangi zake hupata kina ambacho rangi ya brashi haikipati. Ndiyo maana anayejitengenezea bodi ya kupiga kasia kwa kusimama hapa pwani haendi mbali kutafuta pambo: anafungua sanduku la nguo, au anazunguka mtaa wa vitambaa mpaka apate ua analolitaka. Lakini kitambaa hicho hicho ndicho kinacholeta kasoro nyingi, kwa sababu pamba hunyonya. Itanyonya resini, ndiyo, ila kabla ya resini imeshanyonya unyevu wa hewa, mafuta ya mikono na sabuni iliyobaki kwenye kufua.

Hapa nachukulia kwamba bodi yako ina moyo wa polistirini nyeupe (povu jepesi kama lile la kufungashia vifaa), au ni ya plaiwudi yenye uwazi ndani; kitambaa kimelazwa juu ya moyo huo; juu yake kuna faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) nyepesi ya gramu 135 au 200 kwa mita ya mraba; kisha resini ya kujazia, msasa na vanishi. Kasoro utaiona juu, lakini karibu kila mara iliingia chini, mapema zaidi ya ulivyodhani. Kabla hujashika msasa, jiulize ni kipi kilichowahi kwenye uzi kabla ya resini: hewa, maji, au mafuta. Ukipata jibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Ukianza kukwangua bila jibu, utairudia kasoro ile ile kwenye tabaka jipya.

Weupe umepotea na rangi zote zimekuwa nzito

Hii ndiyo inayowavunja watu moyo zaidi, na wala haitokani na mkono mbaya. Kanga yenye mji mweupe na maua mekundu inalazwa, inapakwa resini, na baada ya dakika chache weupe wote unageuka rangi ya chochote kilicho chini yake. Kama ni plaiwudi, mji unakuwa wa kahawia. Kama ni polistirini, utaona alama za penseli, maungio ya vipande na kila doa la gundi uliloliacha ukidhani litafunikwa.

Sababu ni kwamba uzi wa pamba na epoksi hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribiana. Uzi ukijaa resini, mwanga unapita badala ya kurudi machoni. Ni jambo lile lile linaloifanya faiba, ambayo ikiwa kavu ni nyeupe, ipotee kabisa ikishalowa, na kwa hilo tunashukuru. Kwa hiyo usidanganyike kuweka kitambaa kingine cheupe cha pamba chini ya kanga ili kuulinda weupe. Nacho kitapotea vilevile, na utakuwa umeongeza uzito bure.

Kinachosaidia ni rangi nyeupe ya kweli chini. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni kuchanganya rangi ya unga au ya kubandika, nyeupe, iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi, kwenye tabaka jembamba la resini juu ya moyo. Kwa kawaida isizidi sehemu 5 kwa 100 za resini, maana ikizidi inadhoofisha ugumu. Ya pili ni rangi ya akriliki ya maji, tabaka jembamba, iachwe ikauke siku nzima au zaidi. Napendelea ya kwanza, kwa kuwa resini hushikana na resini vizuri kuliko inavyoshikana na rangi. Rangi ya mafuta iache dukani. Na rangi ya kopo la kupuliza usiikaribishe kabisa kwenye polistirini: viyeyushi vyake huila.

Jaribio ni rahisi. Lowesha kipande cha kitambaa kwa maji, kibandike juu ya moyo, ukitazame kwenye mwanga wa jua. Utakachokiona kinakaribia sana matokeo ya resini. Vitenge vyenye rangi nzito zilizojaa uso mzima, kama buluu ya nili, kijani kibichi au rangi ya matofali, huhimili jambo hili kuliko kanga yenye mji mweupe.

Kama resini imeshakauka, weupe haurudi. Ukishindwa kuvumilia, piga msasa, paka tabaka la resini nyeupe, ulaze kitambaa kipya juu yake. Bodi itakuwa nzito zaidi, na uamuzi huo ni wako.

Mabaka ya kijivu au ya fedha yanayong'aa ukisimama pembeni

Chukua tochi, uilaze karibu na uso wa bodi mwanga ukipita kwa mshazari. Mabaka haya ni ya aina mbili na tiba zake hazifanani.

Ukiona mistari midogo ya ufumaji inayometa kwa rangi ya fedha, faiba ndiyo iliyokauka. Ilipata resini mwanzoni, kisha kitambaa kilichokuwa chini yake kikaivuta. Kitenge cha kawaida kina uzito wa takriban gramu 120 hadi 150 kwa mita ya mraba, na kitakunywa resini yenye uzito kama wake au zaidi. Uso wa juu wa bodi ya futi 10 na nusu ni kama mita 2 za mraba. Piga hesabu: kitambaa na resini yake vinaongeza kati ya nusu kilo na kilo moja, na aliyepima resini ya faiba peke yake hana budi kuishiwa katikati ya kazi. Dawa ni mpangilio: kwanza lowesha moyo, laza kitambaa, kiloweshe tena kwa juu mpaka kisiwe na sehemu iliyopauka, sukuma ziada kwa kipande bapa cha plastiki, ndipo faiba ifuate na resini yake yenyewe. Usilaze kitambaa kikavu na faiba kavu pamoja na kutumaini kwamba resini itashuka hadi chini. Itashuka mahali na kuacha mahali.

Aina ya pili ni mabaka yaliyopauka ndani ya kitambaa chenyewe, mara nyingi yakifuata maua au mistari ya chapa. Hapo resini ilikataliwa. Kitenge na kanga mpya hutoka dukani na dondo, na kitenge cha waksi huweza kubaki na mabaki ya nta. Kuna pia kitambaa kinachouzwa kama kitenge cha pamba ilhali ni cha poliesta, ambacho uzi wake haunyonyi. Choma uzi mmoja kabla ya kununua yadi zote: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu.

Kitambaa cha pamba kifue kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kisuuze mpaka maji yatoke safi, wala usitie kile kimiminika cha kulainishia nguo, kwa kuwa huacha utando wa mafuta kwenye uzi. Kianike, kikauke kabisa, kisha kipigwe pasi siku ile ile ya kazi, kwani hewa ya pwani hukirudishia unyevu usiku mmoja tu. Halafu dondosha tone la maji juu yake. Tone likizama mara moja, kitambaa kiko tayari. Likisimama, kirudishe kwenye beseni.

Baka dogo lililokwisha kukauka linaweza kutibiwa kwa kutoboa vitundu viwili kwa kijino chembamba cha drili, kimoja cha kuingiza resini kwa bomba la sindano na kingine cha kutolea hewa. Baka kubwa kuliko kiganja likate, ulizibe kwa kipande cha kitambaa kile kile. Kwa sababu hiyo usitupe mabaki ya kitambaa mpaka bodi iwe imeingia baharini.

Viputo

Viputo vina historia tofauti, na mahali vilipo ndipo panapokueleza historia hiyo.

Viputo vidogo sana vilivyotawanyika ndani ya resini yote, hata pembeni ambako hakuna kitambaa, vimetoka kwenye kikombe. Umekoroga kwa kasi. Koroga polepole kwa dakika mbili au tatu ukikwangua kuta na sakafu ya kikombe, kisha uache kidogo kabla ya kumimina.

Viputo vinavyopanda vikiwa vimefuatana, kimoja kinatoka, kinapasuka, kingine kinatokea pale pale na kuacha kitundu cha sindano, hivyo vinatoka kwenye moyo wa bodi. Hapa kuna fizikia ya wazi: hewa iliyo ndani ya plaiwudi au katikati ya punje za polistirini hutanuka inapopata joto, na njia pekee ya kutokea ni kupitia resini yako mbichi. Aliyeanza kazi saa mbili asubuhi kibandani, jua likipanda na bati likiwaka, ameichagua saa mbaya kuliko zote. Anza alasiri, joto likishaanza kushuka. Moyo unapopoa hewa hupungua, na badala ya kusukuma viputo nje inaivuta resini ndani. Kubadilisha saa tu huondoa viputo vingi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Hata hivyo, ziba moyo kwanza. Polistirini isuguliwe na mchanganyiko wa epoksi na vitufe vidogo vya kioo vya kujazia, uwe mzito kama siagi, ukwanguliwe hadi ubaki mwembamba. Plaiwudi ipakwe resini tupu, iachwe ikauke, ipigwe msasa mwepesi, ndipo kitambaa kilazwe.

Viputo vipana, bapa, vya ukubwa wa sarafu au zaidi, viko chini ya kitambaa. Hewa ilinaswa ulipokilaza. Resini ikiwa bado mbichi, choma kwa sindano na kusukuma hewa kuelekea ukingoni. Ikiwa imeanza kushikana na inavutika, acha. Ukilazimisha utakivuta kitambaa na mchoro utapinda. Subiri ikauke, ukate juu ya kiputo, ujaze.

Watu wengi hukimbilia kipulizia moto au tochi ya gesi. Juu ya meza ya mbao nzito inaweza kufaa. Juu ya bodi yenye moyo wa polistirini unaipasha joto hewa ile ile unayotaka itulie, na polistirini hulegea ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Moto ukiwa karibu na chupa iliyo wazi ya asetoni, kiyeyushi cha kusafishia kinachowaka haraka, ni hatari nyingine inayojitegemea.

Vitundu vya sindano vilivyokwisha kukauka usivifunike kwa tabaka nene, maana resini itaruka juu yake na kuacha hewa ndani. Piga msasa, kisha sugua resini kidogo kwa kipande cha plastiki ukisukuma kwa nguvu huku na huku mpaka iingie, ukwangue ziada yote. Tabaka kamili lifuate hilo likishashika.

Kikombe kimechemka na kutoa moshi

Kifupi: resini nyingi ilikaa pamoja muda mrefu. Epoksi hutoa joto inapoganda, na joto hilo huharakisha kuganda. Muda ulioandikwa kwenye lebo mara nyingi umepimwa kwenye nyuzi 20 hadi 25. Kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, muda huo hukatika karibu nusu. Kwenye kibanda chenye nyuzi 32, dakika 30 za lebo ni kama dakika 15. Tumia hadena (kile kimiminika cha pili kinachoigandisha epoksi) ya taratibu, changanya kidogokidogo, na mara tu ukimaliza kukoroga mimina yote juu ya bodi au kwenye sinia pana. Kikombe kinachotoa moshi kitoe nje, ukiweke juu ya mchanga, usikiinamie.

Resini haikukauka, inanata

Ikinata uso mzima siku ya pili, kipimo kimekosewa. Ikinata kwa mistari au mabaka, haikukorogwa vizuri. Mara nyingi ni ile iliyokuwa imenata kwenye ukuta wa kikombe bila kuchanganyika ukaikwangua mwishoni kumwagia bodini.

Mafundi wengi wa faiba wa pwani wamezoea resini ya poliesta, ile ya kutengenezea boti na matangi, na mazoea yake ndiyo yanayodhuru hapa. Poliesta unaweza kuiongezea matone ya kigandishi siku ya baridi na kuipunguzia siku ya joto. Epoksi haina ruhusa hiyo. Hadena yake ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukiizidisha, ziada haina pa kushika na hubaki imelegea milele. Angalia pia kama uwiano wa lebo ni wa ujazo au wa uzito. Hadena huwa nyepesi kuliko resini, kwa hiyo 2 kwa 1 kwa ujazo si 2 kwa 1 kwa uzito. Kwa epoksi nyingi za aina hiyo ni karibu gramu 100 kwa 43 hadi 45. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachookoa bodi nyingi kiasi hicho.

Kutibu: kwangua yote inayonata, futa kwa tambara lenye asetoni, badilisha tambara mara nyingi, acha ipepe, kisha paka upya kwa kipimo sahihi. Kumwaga tabaka zuri juu ya bovu hakulikaushi bovu. Vaa glavu, na usijioshe ngozi kwa asetoni, maana huipeleka resini ndani zaidi; tumia sabuni na maji. Mzio wa epoksi ukishakupata haukuachi, na kuna mafundi wazuri walioacha kazi kwa ajili yake.

Na kama shida yako ni kwamba moyo wa polistirini umeyeyuka na kuacha mashimo chini ya kitambaa, uliuziwa poliesta badala ya epoksi. Stairini, kiyeyushi kilichomo ndani ya poliesta, huila polistirini, nyeupe na hata ile ya rangi. Harufu kali inayopanda puani mara ukifungua kopo, na kigandishi kinachopimwa kwa matone, ni dalili za kutosha kukuzuia kabla.

Utando unaoteleza, au ukungu mweupe juu ya rangi

Uso umeganda lakini ukipitisha kidole unateleza kana kwamba umepakwa nta. Hicho ni kitu kinachotokea hadena inapokutana na unyevu na hewa ya ukaa kabla haijamalizana na resini. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo majira yake. Kosa kubwa ni kupiga msasa mara moja: unausambaza na kuuchimbia ndani ya mikwaruzo, na tabaka linalofuata litabanduka kwa maganda. Utando huu huyeyuka kwa maji. Sugua kwa maji safi na sponji ya kijani ya kuoshea sufuria, kausha kwa taulo safi, ndipo msasa.

Ukungu ulio ndani zaidi, unaofanana na maziwa yaliyotiwa kwenye maji, ni unyevu uliokuwa kwenye kitambaa au uliotua juu ya resini usiku. Wa juu hutoka kwa msasa. Wa ndani hautoki. Mimi kazi hii naipenda wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, hali ya hewa ikiwa ya baridi kidogo na mvua imepungua. Upepo wake huleta mchanga, kwa hiyo tundika pazia la nailoni upande wa baharini, ulowanishe sakafu kabla, usiifagie. Na chupa ya hadena ifunge kila ukimaliza kumimina, maana nayo hunyonya unyevu.

Resini inajitenga na kuacha vishimo vya mviringo

Ni mafuta. Mafuta ya nazi ya mikononi, dawa ya kupuliza yenye silikoni iliyotumika kwenye pikipiki kibanda hicho hicho, kilainishi cha nguo, au jasho. Jasho hasa: ukiinama juu ya bodi kwenye joto la Februari, litadondoka tu, na kila tone ni kishimo. Funga kitambaa kichwani, na usiguse uso kwa mkono mtupu baada ya kuusafisha. Vikishatokea, acha tabaka likauke, osha, piga msasa mpaka chini ya vishimo, ufute kwa asetoni, urudie.

Rangi imechuja ndani ya resini

Wekundu umetoka kwenye ua na kuingia kwenye njano iliyo jirani, au faiba ya ukingoni imekuwa ya waridi. Kitambaa kinachochuja kwenye beseni kitachuja pia kwenye bodi, ama kwa resini yenyewe, ama kwa asetoni uliyofutia. Fua mara kwa mara mpaka maji yasibadilike rangi. Siki na chumvi ambazo wengi tumefundishwa nyumbani si za kutegemea kwa rangi za viwandani. Kitu cha kuaminika ni kipande cha majaribio, sentimita 10 kwa 10, kilichopakwa resini na kuachwa usiku kucha juu ya kipande cha faiba. Na usifute kitambaa kilicholazwa kwa asetoni kwa sababu yoyote ile. Rangi iliyokwisha kuchuja haina tiba, isipokuwa kufunika mpaka wake kwa mstari wa rangi.

Mchoro umepinda, kingo zina mikunjo

Tuanze na kipimo, kwa sababu wengi hukwama hapo. Kanga moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Doti nzima, kabla haijakatwa, inafika mita 3. Bodi ya futi 10 na nusu ni mita 3.2. Anayelazimisha doti ifike ncha kwa ncha ataivuta, na uzi uliovutwa hurudi resini inapoanza kuganda. Ndiyo mikunjo unayoiona mkiani. Afadhali kanga moja iwekwe katikati, pindo zake zikiwa fremu na jina likisomeka kwa aliyesimama na kasia, kuliko mbili zilizonyongwa. Ukitaka pambo la urefu wote, nunua kitenge yadi 4, ambazo ni mita 3.66, na ziada itabaki kwa viraka.

Kupinda kwa mchoro hutokana na kusukuma resini kutoka ncha moja hadi nyingine. Kitambaa kilicholowa hutembea. Chora mstari wa katikati kwenye moyo, ulinganishe na mstari wa mchoro, ubane katikati kwanza, kisha usukume kutoka katikati kwenda kila upande kwa mikono myepesi. Pindo la kanga halifichi kosa. Likipotoka kidole kimoja, jicho litaliona kila siku.

Kwenye kingo zinazogeuka, kitambaa kilichofumwa hakikubali kujipinda pande mbili kwa mara moja. Ama kikate kwa mshazari ili kivutike, ama, na ndilo ninaloshauri, kiishie juu kabla ya ukingo. Bandika tepu ya karatasi pale kinapotakiwa kuishia, pitisha kitambaa na resini juu yake, subiri resini ishike kama ngozi, ikate kwa wembe mpya kufuata tepu na uivue. Ukiwahi, nyuzi zitachomoka. Ukichelewa, wembe utateleza. Nyuzi zilizosimama zikishakauka zikate kwa wembe uliolazwa, usizipige msasa, maana zinang'oka na kuvuta jirani zake. Mpaka wote ufunikwe baadaye kwa mstari mwembamba wa resini ya rangi.

Msasa umekula kitambaa

Baka limekuwa na manyoya meupe na rangi imekwisha. Uliupiga msasa uso ambao haukuwa na resini ya kutosha juu ya faiba, au ulitumia mashine ukingoni. Simama hapo hapo. Resini ikirudi, manyoya yatapotea, lakini rangi iliyoliwa hairudi. Kata ua zima kutoka kwenye mabaki, lifuate umbo lake badala ya kukata mraba, ulibandike juu ya baka, uweke faiba juu yake; jicho likiona ua kamili halitafuti kiraka. Safari nyingine jaza kwanza kwa tabaka nene la resini, anza na msasa wa 80 kwa mkono, kisha 120, kisha 220, na barakoa usoni.

Sehemu imevimba na inabonyea baada ya wiki kadhaa juani

Gonga kwa kucha. Sauti ikibadilika kutoka ngumu kuwa tupu, ngozi imeachana na moyo. Kitambaa kilikuwa kikavu upande wa chini, au joto limezidi. Kitenge cha rangi nzito kinachopendeza kwa kuficha kilicho chini yake ndicho hicho hicho kinachokusanya jua, na epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida huanza kulegea karibu na nyuzi 50 hadi 60. Hapa inabidi uchague, na mimi huchagua rangi za wastani. Bodi mpya ipe siku 7 kivulini kabla ya kuitoa juani.

Bodi ya plaiwudi yenye uwazi ndani iwe na kizibo cha kupumulia. Hewa ya moto iliyofungiwa hutanuka na kutafuta kitundu. Ukiiingiza bodi kwenye maji ya baridi hewa hujikunja na kuyavuta maji kupitia kitundu hicho. Toa kizibo ukiwa nchi kavu, kirudishe kabla ya kuingia majini. Sehemu iliyovimba itoboe, ikauke ndani kwa siku kadhaa, sindilia resini kwa bomba la sindano, weka nailoni na mfuko wa mchanga juu hadi igande.

Inateleza, inageuka njano, inapauka

Uso wa epoksi uliosuguliwa ukang'aa hauna mshiko hata kidogo. Kama hutaki kufunika kitambaa kwa zulia la mpira, paka tabaka la mwisho pale pa kusimama, nyunyiza sukari juu yake kabla halijashika, acha ligande, kisha osha kwa maji ya vuguvugu. Sukari itayeyuka na kuacha vishimo vinavyoshika unyayo huku mchoro ukionekana.

Njano ni jua linaloila epoksi, na kupauka ni jua linaloila rangi ya kitambaa. Epoksi pekee haitoi kinga. Paka vanishi ya poliurethani ya vikopo viwili yenye kinga ya jua, tabaka mbili au tatu, baada ya kuosha na kupiga msasa. Ukipumzika ufukweni, geuza bodi kitambaa kitazame chini. Vanishi ikianza kupoteza mng'ao, ilainishe kwa msasa wa 320 wa maji na uongeze tabaka kabla haijapasuka, kwa sababu ikishapasuka itabidi uiondoe yote mpaka kwenye epoksi.